Sentineli analipwa jioni

Mwandishi wa makala haya ameeleza vizuri bei ya kununua majina ya wateja kwenye intaneti, ila swali moja amelipita mbio: pesa inatoka lini? Huku Mangobo, Kisangani, mfyeka majani hupanda toleka, teksi ya baiskeli, asubuhi na mapema, panga limefungwa ndani ya gunia, kwenda kwenye viwanja vikubwa vya Makiso. Habari ya kazi anapewa na sentineli wa getini. Naye sentineli anakula chake, hakuna cha bure, lakini anakula jioni, mwenye nyumba akishalipa. Kazi ikikosekana, hakuna deni.

Na wale waliotoa maoni hapo juu wanaosifu mtindo wa Marekani, wasome habari ya HomeAdvisor, kampuni ya kuwauzia mafundi majina ya wateja: fundi alilipia jina la mteja hata kazi asipoipata, na mwaka 2023 serikali ya huko, kupitia FTC, shirika lake la kulinda walaji, iliiamuru kampuni hiyo ilipe hadi dola milioni 7.2 kwa tuhuma za kuwadanganya mafundi kuhusu ubora wa majina hayo. Sisi hatuna haja ya kununua majina: Kisangani mvua haikati, majani hayachelewi kurudi magotini. Mteja akiridhika mara moja, mwezi ujao anamtuma sentineli yuleyule amwite tena mfyeka.