Kura ya 1990 na Mshahara wa Mwalimu

Mwezi Oktoba 1990 wananchi wa Lushoto, kama wenzao wa nchi nzima, walitakiwa kumjibu Rais Ali Hassan Mwinyi kwa neno moja: Ndiyo au Hapana. Walio wengi mno walijibu Ndiyo. Je, uongozi wake katika uchumi ulistahili jibu hilo?

Mkulima wa mboga wa Soni au Lukozi alikuwa na sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa za foleni, na lori likikosa tairi kabichi huozea shambani. Kufikia 1990 bidhaa zilikuwa zimerudi madukani. Ni haki kukumbuka, hata hivyo, kwamba mlango huo ulianza kufunguliwa mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu.

Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa na hesabu nyingine. Baada ya mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi iliendelea kushushwa thamani. Dola moja, iliyokuwa chini ya shilingi 20 mwaka 1985, ilikaribia shilingi 200 mwaka 1990. Mshahara haukupanda kwa kasi hiyo. Sabuni ilikuwapo; mtumishi aliitazama tu, kisha akarudi kwenye bustani yake ya maharage.

Ndiyo ile ilistahili, maana nchi ilitoka katika uhaba. Lakini gharama yake ililipwa kwa mishahara ya watumishi, na deni hilo ndilo lililopaswa kutangulia katika kazi za miaka mitano iliyofuata.