Kununua Nyumba Bila Ufunguo

Wapo watu ambao wakikosa sauti au mtandao kwenye kompyuta yenye Linux, mfumo huria usiouzwa, hutoa hukumu papo hapo: "Vya bure ndivyo vilivyo." Maneno hayo huniudhi. Si kwamba Linux haina kasoro, bali lawama hupelekwa kwa asiyehusika.

Tuanze na jambo lenyewe. Kadi ya mtandao, ya sauti au ya picha haielewani na mfumo wa kompyuta bila mkalimani. Mkalimani huyo ni programu iitwayo draiva. Kazi yake ni kuandika namba fulani mahali fulani ndani ya kifaa: namba hii huwasha antena, ile huizima. Orodha ya namba hizo anayo mtengenezaji. Akiitoa, fundi hodari huandika draiva; akiificha, fundi huyo huyo hubaki akipapasa gizani.

Na kupapasa huko si mchezo. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 zilitoka Novemba 2020, bila maelezo ya vifaa vyake kwa wale waliotaka kuhamishia Linux humo. Mafundi wa mradi wa Asahi Linux ikawabidi waweke programu ndogo chini ya mfumo wa Apple wenyewe, inukuu kila neno ambalo mfumo huo unakiambia kifaa, mithili ya mtu anayejifunza lugha kwa kutega sikio ukutani. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka Machi 2022. Draiva ya kuharakisha picha ikasubiri hadi Desemba mwaka huo. Miaka miwili ya kutafuta majibu ambayo mwenyewe anayo kabatini!

Wenye viwanda hujitetea kwamba ni siri ya biashara. Siri gani? Hatuombi ramani ya kiwanda. Tunaomba kujua namna ya kusema na kitu tulichokilipia. Mwaka 2007 AMD ilianza kutoa hadharani maelezo ya kadi zake za picha, na haikufa kwa ajili hiyo. Nvidia ilishikilia ukimya hata mwaka 2012, huko Ufini, Linus Torvalds aliyeanzisha Linux akaitaja mbele ya watu kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizopata kushughulika nazo. Mei 2022 kampuni hiyo hiyo ikafungua sehemu ya draiva zake. Basi siri ile ilikuwa ikilinda nini miaka yote hiyo?

Asiyetumia Linux asidhani hayamhusu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na Windows 11. Shule yenye mashine za namna hiyo yaweza kuziokoa kwa mfumo huria, lakini pale tu draiva zinapopatikana. Kwa hiyo aliyeficha orodha ya namba ndiye anayeamua mashine yako ife lini, ingawa bado inapumua.

Aniuziaye nyumba akabaki na ufunguo hajaniuzia. Amenipangisha bila kuniambia. Wa kulaumiwa ni huyo, si jirani aliyejitolea usiku kunisaidia kufungua mlango. Nasi wanunuzi tuna wajibu: kabla ya kutoa fedha, tuulize kama kifaa kinafanya kazi na mfumo huria. Muuzaji akikosa jibu, tufunge mkoba tuondoke.