Mkono Guniani Kwanza, Mfukoni Baadaye

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Lakini katika mambo ya sokoni, ndugu msomaji, mjukuu huyu hangoji babu yake azeeke. Pengine huzaliwa siku iyo hiyo, kapu li mkononi na mtu angali njiani kurudi kwake.

Nilikuwa Kabuchai, kaunti ya Bungoma, katika nchi ya Wabukusu iliyo chini ya Mlima Elgon. Mwenyeji wangu akanichukua hadi soko la Chwele, soko ambalo mahindi, maharagwe, vitunguu na ndizi hujaa hata mpita njia akakosa pa kutia mguu. Huko kipimo chao ni gorogoro, yaani kopo la kilo mbili, kama vile sisi wazee wetu walivyopimiana kwa kibaba na pishi.

Pale nikamwona mama mmoja amesimama mbele ya gunia la mahindi. Hakulitazama juu. Alikunja mkono wa nguo, akauzamisha mkono mpaka kwapani, akatoa konzi ya mahindi kutoka chini kabisa. Akainusa, akaiuma punje moja kwa jino, akasikiliza mlio wake. Kisha akalitwaa lile kopo na kulipindua, apate kuona kama kitako chake kimebonyezwa ndani. Muuzaji hakununa wala hakusema neno. Bei ilipokubaliwa, walicheka pamoja na kuulizana hali za watoto.

Mimi, mtoto wa pwani, niliona haya kwa niaba yao! Kwetu mambo hayo huitwa utovu wa adabu. Mtu akikuambia, "Sheikh, mali safi hii," wewe nawe ukaanza kupekua, ni kama umemwita mwongo mbele za watu.

Na haya hiyo imenigharimu. Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, nilinunua gunia la maharagwe ya futari kwa mtu ambaye tulikuwa tukiswali naye safu moja. Sikulifungua, kwani ningemfunguaje ndugu yangu? Nilipofika nyumbani, robo ya juu ilikuwa maharagwe. Chini yake mlikuwa na bungo, vumbi na changarawe. Sikurudi kumwambia, kwa haya ile ile. Mke wangu alichagua punje moja moja kwa ungo, naye amefunga, huku mimi nikijifanya nasoma gazeti.

Basi pale Chwele nikakumbuka jambo nililosomeshwa chuoni utotoni, ambalo nilikuwa nimelihifadhi bila ya kulitumia. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina kwenye rundo la nafaka. Akautia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Alipomwuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba mvua ilikuwa imelinyea. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona. Na akatamka kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake.

Wengi wetu hadithi hii huitumia kumlaumu muuzaji, na ni haki. Lakini mbona tunausahau ule mkono? Aliyeutia mkono guniani ni yule mbora wa adabu kuliko sote. Ikiwa yeye hakuona kuwa kukagua ni kumvunjia mtu heshima, sisi hii haya yetu tumeitoa wapi?

Sheria yetu nayo inamjua mnunuzi kuwa ni binadamu, hukosea na hujuta. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja bei maadamu hawajaachana pale walipouziana. Waweza pia kushartiana siku, zisizidi tatu, za kufikiri. Na kitu kikionekana kina aibu iliyokuwapo kabla ya kuuzwa, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Linganisha hayo na maneno yaliyopigwa chapa katika stakabadhi za maduka yetu: mali ikishauzwa hairudishwi! Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, nayo inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha na habari zinazohitajika kuhusu bidhaa hizo. Haki tunazo. Tunachokosa ni ulimi wa kuzidai.

Wala jambo hili si la senti tu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini, iliyoota katika mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Ndiyo sababu mahindi hutakiwa yakaushwe mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Yule mama aliyeuma punje hakuwa akimfanyia muuzaji ufidhuli. Alikuwa akiwalinda watoto wake.

Kweli, kuna aibu ambayo mkono hauifikii. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba kwao kununua kunakoumiza zaidi ni kununua mbegu. Mkulima huinunua kabla ya mvua za Machi, lakini ubovu wake huujua shamba lishaota nusu, au mabua yamesimama bila ya magunzi. Hapo hata akirudishiwa fedha, nani atamrudishia mvua? Na mwaka 2024 mbolea isiyofikia kiwango iliwafikia wakulima wa Kenya kupitia mpango wenyewe wa ruzuku ya serikali, mahali ambapo hakuna aliyedhani pangehitaji kukaguliwa.

Kwa vitu vya namna hiyo, busara ya mkono haina budi kugeuka kuwa busara ya karatasi. Mwenyeji wangu hununua mbegu dukani panapojulikana, hukwaruza lebo ya mfuko na kuituma nambari yake kwa simu ili ahakikishe kuwa ni halali, kisha huiweka stakabadhi pamoja na mfuko mtupu mpaka avune. Si elimu kubwa hiyo, lakini ndiyo tofauti baina ya mwenye kudai na mwenye kulia.

Nasi wa pwani, ambao siku hizi tunanunua kanzu na makochi ya Idi kwa kuona picha katika simu, tujiulize: katika picha mkono utautia wapi? Basi usitangulize fedha kabla mali haijafika mlangoni, ukaishika, ukaigeuza. Na ukiambiwa, "Lipa sasa hivi, kuna mwingine anaitaka," mwache huyo mwingine aichukue. Mwenye mali nzuri haogopi uilalie usiku mmoja.

Muuzaji mwaminifu hupata faida kwa mnunuzi mkaguzi, kwani ukaguzi ndio unaomtenga na mlaghai wa kibanda cha pili. Tukinunua kwa haya, tunawalipa wote wawili sawasawa, na mwaminifu ndiye anayekula hasara. Nami Ramadhani ijayo nitamwendea yule ndugu yangu wa safu moja, nitamtolea salamu, kisha nitakunja mkono wa kanzu.

Gunia usilione, juu likakupendeza,
Chini pia upaone, mkono ukipenyeza,
Muuzaji asinune, usichoke kuuliza,
Majuto yasikubane, fedha ukazipoteza.