Aliyeuguza hayumo kwenye mgawo

Wadau, hivi mmeshaangalia nani anauguza na nani anarithi? Hapa Soweto, Mbeya, nimehudhuria misiba ya kutosha mpaka sasa naweza kukisia. Anayeuguza ni binti. Anaacha meza yake ya nyanya sokoni, analala chini pembeni ya kitanda cha mgonjwa, anafua mashuka, alfajiri anabeba chupa ya uji, dawa zikikosekana anatumwa dukani. Mzee akifa, kaka zake wanashuka na basi kutoka Dar, kikao cha mirathi kinaanza, binti yuko jikoni anachemsha chai ya wajumbe.

Siku hizi nasoma Ubudha (msishtuke, sijabadili dini, hata lile hekalu lao la Upanga, Dar, walilojenga wahamiaji wa Sri Lanka, sijaingia). Nilitegemea mambo ya kufumba macho na kutafakari. Nikakuta Vinaya, yaani kanuni za watawa, na ndani yake kisa cha mtawa anayeharisha, kalala kwenye kinyesi chake. Wenzake wamemwacha kwa kuwa hana faida kwao. Buddha na Ananda, mwanafunzi wake, wakamwogesha wenyewe na kumbeba mpaka kitandani. Kisha akawakumbusha watawa kwamba pale hawana mama wala baba, wasipouguzana nani atawauguza?

Visa vya namna hiyo kila dini inavyo. Kilichonishika ni kanuni inayofuata. Mtawa akifa, jumuiya iwape waliomuuguza bakuli lake na mavazi yake, na kwa mtawa hiyo ndiyo mali yenyewe. Aliyesaidia kuuguza akiwa ni mwanafunzi tu, apewe fungu sawa na mkubwa. Hakuna cha "Mungu atakulipa".

Na sisi? Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu la urithi, nyuma ya kaka zao. Ajabu ni kwamba kanuni hizo hizo zilimruhusu mtoa wosia kumnyima mrithi ambaye bila sababu hakumtunza wakati wa njaa au ugonjwa. Kumbe walijua kabisa kuuguza kuna uzito! Waliweka adhabu kwa aliyekimbia, aliyebaki wakamwacha hivi hivi.

Najua mtasema ukiweka malipo watu watauguza kwa tamaa. Vinaya iliona hilo: anayeuguza awe na huruma, asitafute faida, asione kinyaa kwa kinyesi wala matapishi. Lakini kutotafuta faida ni wajibu wake yeye, si kisingizio cha ukoo kumnyima. Hapa ndipo tunapochanganya mambo, tena kwa makusudi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa shamba la maparachichi kule Rungwe, kikao kiulize kwanza: nani aliuguza, miezi mingapi, na biashara yake iliishia wapi? Majibu yaandikwe, kwa jina lake, kwenye muhtasari ule ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo.