Nyimbo zikitunzwa haziozi

Juma hili tunaongea juu ya filamu moja ya muziki iliyotolewa kwa DVD: Soul Power, ya 2008. Picha zake zilipigwa Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha la siku 3 lililotangulia ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Katika tamasha hilo waliimba James Brown, Franco na Tabu Ley. Wanawake nao walisimama jukwaani: Miriam Makeba, Celia Cruz, na Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani.

Kanda zile zililala ghalani zaidi ya miaka 30. Zilipofunguliwa, nyimbo zilikuwa nzima, kwa sababu kuna waliozitunza.

Sisi wa Uvira tumeona kinyume chake. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, maji yalibeba nyumba na vilivyokuwamo. Nyumba inajengwa tena. Lakini arusi ya binti, au sauti ya nyanya aliyekwisha kufariki, haipigwi picha mara ya pili.

Basi, tufanye hivi. Sidi za arusi, za kwaya na za kikundi tuzishike ukingoni, tuzifunge ndani ya nailoni, tuziweke juu, mbali na jua. Tutoe kopi mbili kwa flashi: moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu anayekaa mbali na mto. Pesa itoke kwa likelemba, kila mwezi mama mmoja. Tuanze na wamama wazee: nyimbo zao hazina kopi popote.