KUJITEGEMEA SI KUBAHATISHA: GIABOKSI YA GARI LETU ISIFUNGULIWE MWEMBENI

Ndugu wanaushirika,

Tumeandika kwa herufi kubwa ili kila mtu asome, hata aliyesahau miwani nyumbani. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Asiyekubaliana nasi asichane karatasi. Aje Jumamosi mkutanoni aseme mbele ya watu.

Habari ni ya gari letu. Hali yake mnaijua. Tangu masika yaishe, likipakia mboga, likatoka Kongowe na kuvuka daraja la Mzinga, pale pa kupanda kwenda Rangi Tatu injini inavuma lakini gari halivuti. Gia inateleza. Dereva anakanyaga mafuta, gari linalia tu, halafu ghafla linashika kwa kishindo na matenga yanaruka. Mara mbili mchicha wetu umefika soko la Temeke Stereo jua limeshapanda. Na mchicha wa saa nne asubuhi, ndugu zetu, ni chakula cha mbuzi. Mlanguzi analijua hilo. Siku gari likilala yeye anaamka mapema, anakuja na guta lake mpaka bustanini, anataja bei yake, na kina mama wanauza huku wameinamisha vichwa. Kwa hiyo hii si habari ya chuma peke yake. Ni habari ya nani anapanga bei ya jasho letu.

Sasa wamejitokeza ndugu zetu wachache, wanasema dawa imepatikana. Dawa yenyewe inaitwa shifti-kiti. Si kiti cha kukalia, maana wazee wengine waliuliza. Ni kifurushi cha vipuri vidogo vya giaboksi ya otomatiki: springi, vali, gololi, gasketi, na bamba lenye matundu. Ndugu hao wanataka fedha za mbolea za msimu huu zinunue kifurushi hicho, nao wakifunge wenyewe nyumbani, chini ya mwembe, kwa Jumapili moja. Anayepinga wanamwita kibaraka wa mafundi wa mjini. Wanasema wao ndio wanaojitegemea.

Sisi tunapinga. Na tunaeleza kwa nini, pole pole, kama tulivyofundishwa darasani.

KWANZA, TUJUE KITU CHENYEWE

Gari la otomatiki halina pedeli ya klachi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa giaboksi ya namna hiyo, jina lake Hydra-Matic, mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kazi ya mguu wa dereva inafanywa na oili. Ndani ya giaboksi kuna visahani vya klachi vimepangwa kimoja juu ya kingine. Oili yenye nguvu ikivibana, gia inashika. Ikiviachia, gia inatoka. Oili hiyo inapita katika bamba nene la alumini lililochongwa njia nyembamba nyingi. Mafundi huliita valvu-bodi.

Sisi wakulima wa mboga tuna bahati, maana tunaijua mifereji. Valvu-bodi ni kama mifereji ya bustani, na kila vali ni kama udongo tunaoziba na kuzibua kwa jembe ili maji yaende tuta hili au lile. Mwenye kiwanda ameyabana matundu makusudi, oili ifike taratibu, abiria asishtuke gia inapobadilika. Lakini katika ule utaratibu visahani vinateleza kidogo kabla ya kushika. Gari likiwa na mzigo mzito, mtelezo unakuwa mrefu. Mtelezo unaleta joto. Joto linaunguza.

Ndipo Wamarekani wakatengeneza shifti-kiti. Huko California Gil Younger na kampuni yake ya TransGo ndio waliolitangaza jina hilo. Unabadilisha springi, unapanua matundu, oili inafika upesi, visahani vinashika mara moja. Gia inaingia kwa nguvu zaidi, na mtelezo unapungua. Kwa giaboksi nzima inayofanya kazi nzito, ni kitu chenye manufaa. Hatusemi ni uongo.

Tunachosema ni hiki. Ukipanua mdomo wa mfereji, maji yatafika tutani haraka. Lakini kama tuta lenyewe limebomoka, je? Maji yatafika haraka na kupotea haraka. Visahani vilivyoungua havirudi uhai kwa springi mpya. Shifti-kiti haifufui maiti.

PILI, TUMEKAGUA, NA TUMEONA

Juzi tulivuta dipstiki ya giaboksi mbele ya wajumbe watatu, injini ikinguruma, gari likiwa mahali tambarare. Oili ya giaboksi hii huwa nyekundu kama juisi ya rozela. Yetu ilikuwa nyeusi. Ilinuka kama ukoko wa ugali ulioungua. Tukauliza: ilibadilishwa lini? Dereva akamtazama utingo. Utingo akamtazama mweka hazina. Tukaomba daftari la gari. Kurasa nne zimeandikwa, nyingine zimechanwa kufungia karanga, na ukurasa wa mwisho una hesabu za upatu.

Tukauliza tena wale ndugu wa shifti-kiti: giaboksi yetu ni namba gani? Kimya. Kibati chake kiko wapi? Kimya. Jamani! Kifurushi cha giaboksi hii hakiingii kwenye giaboksi ile. Vifurushi vilivyopata sifa vilitengenezwa kwa giaboksi za Kimarekani, kama Turbo 350 ya General Motors na C6 ya Ford. Gari letu limetoka Japani likiwa limetumika, na gia zake zinaamriwa na kompyuta kwa kupitia solinoidi, yaani vali zinazofunguliwa kwa umeme. Pengine ubovu uko kwenye waya. Pengine solinoidi imechafuka. Pengine ni visahani. Mtu hajui ugonjwa, hajui jina la mgonjwa, lakini dawa ameshaichagua! Huo si ufundi. Ni ramli.

TATU, KAZI HIYO SI YA MWEMBENI

Valvu-bodi ikifunguliwa, gololi ndogo zinadondoka. Kila moja ina shimo lake. Ukikosea moja, gia haiingii, au zinaingia mbili kwa mpigo na giaboksi inavunjika. Uzi wa kanga uliotumika kufutia unatosha kukwamisha vali. Boliti zinakazwa kwa spana maalumu yenye kipimo, kidogo kidogo, maana ukitumia nguvu za kukazia tairi bamba linapinda. Na tundu likishatobolewa kubwa halirudi dogo. Pale mwembeni upepo unaleta vumbi, kuku wanapita, watoto wanachezea boliti. Je, ndipo pa kufungulia kitu hicho?

Na kuna jambo zito kuliko giaboksi. Wiki tatu zilizopita ndugu zetu waliliinua gari kuchungulia chini. Walilipandisha juu ya matofali ya saruji. Tofali moja likapasuka, gari likakaa chini kwa kishindo kilichosikika mpaka kisimani. Kijana wetu aliyekuwa uvunguni alikuwa ametoka dakika hiyo hiyo kufuata spana. Mama yake alikuwa anauza maandazi hatua kumi kutoka pale. Hatutaki kuandika zaidi. Tunauliza tu: kama asingefuata spana, leo ubaoni hapa tungebandika tangazo gani?

Na oili iliyomwagika siku ile ipo bado ardhini, karibu na kisima tunachomwagilia matembele. Mteja wa Stereo anunue mboga yenye oili?

NNE, SISI VIONGOZI TUJIKOSOE

Mwenye kunyosha kidole autazame mkono wake. Nani ameliua gari hili? Tumepitia stakabadhi za soko. Gari la tani 2 limekuwa likibeba tani 3 na zaidi, na juu ya matenga watu wamekaa kama kunguru. Wote tunapiga kelele mnunuzi akitutaka tufunge lumbesa, tunasema ni wizi, tunasema sheria ya vipimo imeikataza. Kweli kabisa! Lakini gari letu wenyewe tumelifanya lumbesa kila siku ya soko. Na ruhusa ya kupakia nani alitoa? Sisi. Tulifumba macho kwa kuwa safari moja ni nafuu kuliko mbili. Unafuu ule ndio huu sasa unanuka kwenye dipstiki.

Kwa hiyo tunaomba radhi, na tunasema wazi: gari halikuharibika kwa kukosa kifaa cha Marekani. Limeharibika kwa mzigo uliozidi, kwa oili isiyobadilishwa, na kwa daftari lisiloandikwa. Tukifunga shifti-kiti na tabia ikabaki ile ile, tutakuwa tumenunua njia mpya ya kuvunja gari, tena kwa fedha za mbolea.

TANO, MANENO YA KUJITEGEMEA

Hapa ndipo palipotuuma. Ati tunaopinga hatutaki kujitegemea!

Ndugu, sisi tunaoandika hapa tulijifunza kusoma ukubwani. Tulishika kalamu kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Wazazi wetu walisimulia jinsi Mwalimu Nyerere alivyoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, kweli. Lakini walianza na a, e, i, o, u. Hakuna aliyeanza na barua ya kwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Elimu ina ngazi. Mwembe haukuwa na kosa, na leo pia hauna kosa. Kosa ni kuruka ngazi.

Mikono ya Watanzania si mibovu. Pale Kibaha, miaka ya 1980, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na Nyumbu wakabuni lori lao la hapa hapa nchini. Lakini kazi ya namna ile ina michoro na vipimo. Haifanywi kwa kubahatisha. Kujitegemea ni kujua, kisha kutenda. Anayetenda bila kujua anamtegemea Mungu na fundi wa kesho, tena fundi wa kesho ndiye ghali zaidi, maana anapokea giaboksi iliyo ndani ya karai.

TUNAPENDEKEZA HAYA

1. Oili na chujio vibadilishwe, kwa fundi mwenye jeki na stendi za chuma. Sinia ya chini ifunguliwe mbele ya mjumbe wetu. Ikikutwa na chembe za chuma au masizi ya visahani, tujue ukweli kwamba giaboksi imekufa, tupange fedha ya kuifanyia matengenezo yote. Ukweli mchungu ni nafuu kuliko matumaini ya kununua.

2. Gari lifungwe rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi. Adui ni joto, basi tupigane na joto.

3. Mzigo mwisho tani 2, na upimwe. Juu ya matenga asipande mtu, hata akiwa Katibu.

4. Daftari jipya lifunguliwe: tarehe, mzigo, kilomita, oili. Dereva asiyejua kuandika vizuri aje darasani jioni, tutamwelekeza bila aibu. Karanga zifungwe na karatasi nyingine.

5. Vijana wetu wawili wapelekwe chuo cha VETA Chang'ombe, hapa hapa Temeke, wasomee ufundi wa magari. Waanze na hao hao wanaopiga kelele za shifti-kiti. Tunasema hivyo kwa heshima, si kwa kejeli. Mtu anayetaka kufungua giaboksi ana moyo, na moyo wa namna hiyo hautupwi. Unafundishwa. Wakirudi, wakatuonyesha kibati, wakatusomea maelekezo, wakatuambia visahani ni vizima na kifurushi ni cha giaboksi yetu, basi tutanunua sisi wenyewe, watafunga mahali pasafi, nasi tutawashikia taa.

6. Fedha za mbolea zisiguswe. Gharama za namba 1 na 2 zitoke kwenye mfuko wa gari. Zisipotosha, sisi wajumbe wa kamati tuliotoa ruhusa ya tani 3 tutaanza kuchanga. Namba hii hatutaki ipigiwe makofi. Tunataka iandikwe kwenye kumbukumbu.

Ndugu wanaushirika, mlanguzi hapendi mkutano huu ufanyike. Angefurahi kusikia giaboksi yetu imemwagwa chini ya mwembe na vijana wetu wanatafuta gololi kwenye mchanga. Tusimpe furaha hiyo. Uzembe wetu ndio mtaji wake.

Mkutano ni Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mwembe ule ule. Gari litakuwepo, likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Dipstiki itavutwa mbele ya wote. Msituamini sisi. Njoni mnuse wenyewe, kisha mpige kura.

Ni sisi wenzenu katika kazi,
KATIBU WA TAWI
kwa niaba ya Kamati ya Ushirika