Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kofia ya Karatasi Isiende Upogo



Wasomaji watukufu, mama mmoja ametuletea swali. Mwanawe wa sekondari anatengeneza maleba ya mchezo wa kuigiza shuleni: kofia ya askari inayofunika uso mzima. Ameikata katika karatasi ya manila, akaiunganisha kwa gundi, kisha akaipaka rezini ya faiba ili iwe ngumu. Jioni ilikuwa imekaa sawa. Asubuhi imekwenda upogo: shavu moja limeingia ndani, na tundu la shingo limekuwa kama yai. Mama anauliza, kijana amekosea wapi? Na je, kazi hii ina madhara nyumbani?

Sanaa hii Wajapani huiita pepakura. Programu ya kompyuta hukunjua umbo la kofia likawa vipande bapa. Vipande huchapishwa, hukatwa, hukunjwa na kugundishwa. Kisha rezini hupakwa nje, na ndani hutandazwa faiba ileile wanayotumia mafundi wa mashua na wa magari.

Karatasi hupinda kwa sababu tatu. Kwanza, hunywa unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Pili, rezini ikiwa bado majimaji huilainisha karatasi na kuielemea kwa uzito. Tatu, rezini ya poliesta inapoganda hunywea, kadiri ya sehemu 5 hadi 8 katika 100 za ujazo wake. Upande uliopakwa nene huvuta kuliko upande mwembamba, na kofia hufuata mvuto huo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, rezini haitengenezi umbo. Hulithibitisha tu lile ililolikuta. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kazi kubwa hapa ni ile inayofanywa kabla kopo la rezini halijafunguliwa.

Kijana achague karatasi nene, ya gramu 200 hivi kwa mita mraba, aihifadhi bapa mahali pakavu. Mistari ya kukunjia aipitishe kwanza ncha butu kwa rula, ili mkunjo ufuate mstari. Gundi ya maji aipake kidogo, kwa kuwa ikizidi huilowesha karatasi. Kofia ikishasimama, aitie mihimili ndani: vipande vya karatasi iliyokunjwa mara kadhaa, au vijiti, kutoka shavu hadi shavu, na vingine viwili vikatizane msalaba katika tundu la shingo. Asitumie ile sponji nyeupe ya kufungia televisheni, kwani rezini ya poliesta huiyeyusha. Kisha apime upana wa shingo na mishazari yake miwili, aandike vipimo. Jicho hudanganya, rula haidanganyi.

Wakati wa kupaka, achague siku kavu, na kazi aifanye kivulini. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, usawa pande zote, nje tu. Ukishaganda, apime tena. Vipimo vikiwa vilevile, apake mkono wa pili, kisha ndipo atandaze faiba ndani, kipande kwa kipande, akizunguka mihimili. Mihimili haiondolewi mpaka faiba ya ndani imekauka kabisa. Dawa ya kugandisha kwa kawaida ni gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za rezini, lakini maandishi ya kopo ndiyo yafuatwe. Kuizidisha ili kazi iishe upesi huleta joto kali, na joto hilo huzidisha kupinda. Hata kikombe cha kuchanganyia kinaweza kufuka moshi.

Na kofia iliyokwisha kupinda? Kama imepakwa mkono mwembamba tu, ipashwe moto polepole nje ya nyumba kwa kikaushio cha nywele, wakati harufu ya rezini imekwisha, isukumwe mahali pake, itiwe muhimili na kuachwa ipoe. Ikikataa, ikatwe mpasuo na kuungwa upya. Bodifila huficha dosari ndogo. Haiwezi kunyoosha shavu lililoanguka.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito. Mvuke wa rezini hii huumiza kichwa na kuwasha macho na koo, tena hushika moto upesi. Isifunguliwe ndani ya nyumba, wala karibu na jiko, wala chini ya dirisha la jirani. Mjamzito na watoto wadogo wakae mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke; inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pamoja na glavu na miwani ya kukinga macho. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni yaweza kulipofusha: lioshwe papo hapo kwa maji mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali. Na kamwe isimiminwe katika chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Wakati wa kupiga msasa, vumbi la faiba lilowanishwe, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Asiyeweza kutimiza masharti haya na aiache rezini. Vipande vya gazeti na gundi ya unga, vikibandikwa ndani tabaka moja moja, kila tabaka likaushwe kwa upepo huku mihimili ikiwa mahali pake, vitatoa kofia ya kutosha kwa jukwaa la shule.

Akina mama, msimkataze kijana kazi ya mikono yake. Kaeni naye anapopima, na kopo la dawa mlifungie kabatini wenyewe.

Wabillahi tawfiq.